Kizindalo cha Kalerwe

Kila alfajiri, muda mfupi kabla ya saa kumi na mbili, mlingoti mmoja ulio nyuma ya soko la Kalerwe huanza kukohoa. Kwanza husikika mkwaruzo, kisha pumzi ya mtu, kisha sauti nzito ya mzee ikiwaamkua majirani kwa Kiganda kana kwamba amesimama mlangoni pa kila mmoja. Baada ya salamu huja habari. Mtoto wa miaka minne amepotea tangu jana magharibi, amevaa fulana nyekundu na mguu mmoja hauna kiatu. Maji ya bomba hayatatoka upande wa Kyebando hadi jioni. Mama aliyekuwa akiuza mihogo karibu na mzunguko wa barabara amefariki dunia. Atazikwa kesho saa kumi huko Masaka, na gari la wasindikizaji litaondoka saa moja asubuhi. Fundi wa paa anatafutwa. Funguo zimeokotwa.

Mlingoti huo umebeba vipaza sauti vinne vya bati, kila kimoja kimeelekezwa upande wake. Chini yake pana kibanda kisichotosha watu watatu. Ndani mna amplifaya ya zamani, mikrofoni iliyofungwa kitambaa, betri ya gari ya kutumia umeme unapokatika, na daftari ambamo mzee huandika matangazo na malipo yake. Tangazo la biashara hulipiwa. La mtoto aliyepotea halilipiwi. Waganda hukiita chombo hiki ekizindaalo, na vikiwa vingi ebizindaalo. Mimi husema kizindalo na vizindalo, na nawaomba wanafunzi wangu wasinicheke, kwa maana ngeli ya KI-VI ya Kiswahili na ngeli hiyo ya Kiganda ni ndugu wa tumbo moja. Neno likivuka kutoka nyumba hii kwenda ile halihitaji pasipoti.

Juma lililopita mwanafunzi mmoja aliuliza, katika zoezi la insha, shirika la utangazaji la umma lina faida gani tena ilhali kila mtu anaweza kutazama atakacho, wakati autakao, kwa simu yake. Swali lilikuwa zuri na Kiswahili chake kilikuwa safi. Hata hivyo niliyazungushia wino mwekundu maneno mawili: "kila mtu". Yanayofuata hapa ni maelezo ya wino huo, kwa kuwa pambizo ya daftari lake haikunitosha.

Tuanze na maneno, maana ndiyo kazi yetu. Kitenzi tiririka ni cha maji: maji hutiririka mferejini, jasho hutiririka usoni, machozi hutiririka shavuni. Kutoka hapo tumepata tiririsha, na siku hizi utiririshaji, yaani kupeleka sauti na picha kwa mfululizo kupitia intaneti. Kitenzi tangaa kina tabia nyingine. Habari iliyotangaa imeenea, imefika hata kwa asiyeiuliza. Kutangaza ni kukifanya kitu kitangae. Ndipo tukapata tangazo, mtangazaji na utangazaji. Kinachotiririka hufuata mkondo wake, na aliye mbali na mkondo hakipati. Kinachotangaa hakimwulizi mtu amesimama wapi. Sidhani kwamba waliotuundia neno utiririshaji walikusudia kutupa hoja, lakini wametupa.

Hapa Kalerwe ukitaja kitu kinachotiririka, watu hufikiri kwanza mfereji wa Lubigi. Tunakaa bondeni. Mvua ikinyesha kwa saa mbili, maji ya milima ya Kampala hutafuta njia ya chini, na njia hiyo ni sisi na jirani zetu wa Bwaise. Mambo mengine yanayotiririka, yale ya Netflix na YouTube, hutufikia kwa namna yake. Kijana mwenye simu nzuri hununua kifurushi cha data cha siku, hutazama vipande vya mpira na vichekesho, na kifurushi kikiisha saa nane mchana dunia yake hufungwa hadi kesho. Asiyeweza hivyo huenda na kumbukumbu ndogo ya flashi kwenye duka lenye kompyuta, akalipa fedha kidogo, akajaziwa filamu ambazo mfasiri wa Kiganda amezisimulia upya kwa vituko vyake mwenyewe, kiasi kwamba mpelelezi wa Marekani hujikuta akizungumzia bei ya matoke. Napenda sana kazi ya wafasiri hao, na siku nyingine nitawaandikia juu yao. Lakini flashi haiwezi kukuambia kwamba mfereji umejaa.

Kodi nazo zimefuata mkondo huo huo. Kuanzia tarehe 1 Julai 2018, kila aliyetaka kuingia WhatsApp, Facebook au Twitter nchini Uganda alitozwa shilingi 200 kwa siku. Mwezi Julai 2021 tozo hiyo iliondolewa, ikaja kodi ya asilimia 12 juu ya bei ya data. Shilingi 200 ni kidogo kwa anayeandika sheria. Kwa mama anayepanga nyanya mafungu mafungu, ni faida ya fungu.

Nami nilikuwa miongoni mwa waliosema "kila mtu". Shule zilipofungwa tarehe 20 Machi 2020 kwa sababu ya Korona, nilikuwa na darasa la kidato cha pili lenye wanafunzi 64. Nilijiona mwalimu wa kisasa. Nikaunda kundi la WhatsApp, nikarekodi masomo ya ngeli kwa sauti yangu, nikayatuma kila Jumatatu na Alhamisi. Nilingojea wiki mbili kabla sijahesabu waliofungua masomo hayo. Walikuwa 11, na wawili kati yao walikuwa wazazi waliotaka kujua karo itarudishwa lini. Watoto 50 na zaidi walikuwa wametoweka machoni pangu nami nilikuwa nikiendelea kufundisha kwa bashasha, kama mtu anayehubiri kanisani huku waumini wamekwenda shamba.

Serikali ilipeleka masomo redioni na kwenye televisheni, na vijitabu vya kujisomea vikachapishwa. Katika vipindi nilivyovipata hewani sikukutana na Kiswahili. Ndipo siku moja, nikinunua mboga, nilimsikia mzee wa kizindalo akisoma masharti ya kunawa mikono. Wachuuzi wa vyakula walikuwa wameagizwa walale sokoni ili wasibebe ugonjwa kwenda na kurudi nyumbani. Walilala juu ya maboksi chini ya vyandarua, na sauti ya mlingoti ndiyo iliyokuwa saa yao, gazeti lao na mwenzi wao. Nikaenda kibandani.

"Mzee wangu," nikasema, "nipe robo saa kila jioni nifundishe Kiswahili."

Alinitazama juu ya miwani. "Mwalimu, Kiswahili cha askari?"

Swali hilo halikuwa utani mtupu. Mtu wa rika lake amekisikia Kiswahili kwenye vizuizi vya barabarani, kikitoka kinywani mwa mwenye bunduki. Idi Amin alikitangaza kuwa lugha ya taifa mwaka 1973, na kutangazwa na Amin hakukuipa lugha hii marafiki katika Buganda. Marekebisho ya Katiba ya mwaka 2005 yalikifanya lugha rasmi ya pili, na Baraza la Mawaziri likaamua mwaka 2022 kwamba kifundishwe kwa lazima shuleni, lakini masikio ya wazee hayabadilishwi kwa uamuzi wa baraza. Nikamwambia nitafundisha Kiswahili cha sokoni. Akakubali, kwa sharti kwamba nimalize kabla ya saa ya kutotoka nje, na kwamba tangazo la mtoto aliyepotea likija nitanyamaza hapo hapo.

Nilifundisha kwa miezi mitano. Nilifundisha kuhesabu, kusalimu, kupatana bei, na upatanisho wa ngeli kwa kutumia vitu vilivyokuwa mbele ya macho: nyanya hizi zimeiva, fungu hili limebaki, mafungu haya yameuzwa, kikapu hiki kimejaa. Wachuuzi walinijibu kwa kelele kutoka vibandani. Binti mmoja wa darasa langu, mmoja wa wale 50 waliotoweka, alikuwa akibeba masanduku ya nyanya kutoka kwenye malori. Nilimgundua kwa sababu alinisahihisha. Nilikuwa nimesema "sanduku imevunjika", kwa uchovu tu, naye akapaza sauti toka chini: "Limevunjika, mwalimu!" Soko zima likacheka.

Nilipokuwa kijana nilidhani redio ya taifa ni mali ya mtu mwenye funguo za studio. Sikuwa nimekosea sana. Redio Uganda ilianza mwaka 1954, nchi ikiwa bado chini ya Waingereza, na televisheni ikafuata mwaka 1963. Kwa takriban miaka arobaini hapakuwa na redio nyingine ya ndani, hadi zilipokuja Radio Sanyu na Capital Radio mwaka 1993. Ndiyo maana kila aliyetaka nchi alianza kwa kuitaka redio. Tarehe 25 Januari 1971 askari alisomea wananchi sababu 18 za kumpindua Milton Obote. Tarehe 11 Aprili 1979 David Oyite Ojok akatangaza kwa redio hiyo hiyo kwamba Amin ameanguka. Mitambo ilikuwa moja, wenyeji wakawa wanapishana. Lakini redio hiyo hiyo ilisoma habari kwa lugha zaidi ya ishirini, na ilitangaza vifo ili jamaa walio mbali wajue wa kumzika ni nani na wapi. Mwaka 2005 sheria iliunganisha redio na televisheni ya taifa kuwa Shirika la Utangazaji la Uganda, UBC, na neno umma likaanza kutumiwa mahali palipozoea neno serikali.

Hapa nawaomba wanafunzi wasimame kidogo. Serikali na umma si visawe. Serikali ni wanaotawala leo. Umma ni sisi sote, pamoja na wasioipenda serikali hiyo na watoto ambao hawajapiga kura. Katiba ya Uganda, katika Ibara ya 67, inaagiza kwamba wagombea wote wa urais wapewe muda na nafasi sawa kwenye vyombo vya habari vya dola. Hilo ni agizo la umma, limeandikwa kwa lugha isiyo na kona. Baada ya uchaguzi wa mwaka 2016, waangalizi wa Umoja wa Ulaya waliripoti kwamba UBC haikulitimiza. Sheria ya umma ilikuwapo, na matumizi yakawa ya serikali.

Jambo hilo nililiona kwa macho yangu jioni ya tarehe 13 Januari 2021. Intaneti ilizimwa nchini kote, ukiwa ni mkesha wa uchaguzi, na ikakaa imezimwa kwa siku takriban tano. Vijana wa Kalerwe walizigeuzageuza simu zao mikononi kama watu waliookota vigae. Wote waliokuwa wakitiririsha waliachwa mkondoni pasipo maji. Redio ilibaki. Watu walikusanyika kwa kinyozi na kwa muuza chapati, wakasikiliza matokeo yakisomwa wilaya kwa wilaya. Sauti ilifika kwa kila mtu, hapo nayakubali maneno hayo mawili. Lakini nilizitazama nyuso. Wengine waliamini, wengine walitikisa kichwa kabla sentensi haijaisha. Mzee mmoja aliomba ibadilishwe stesheni, akaambiwa stesheni zote zinasoma yale yale.

Kwa hiyo wale wanaoulilia utangazaji wa umma kwa sababu ya kufika tu, nao wamesahau kitu. Kufika ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kuaminika, na hiyo haiji kwa nguvu ya mitambo. Wakati mwingine imekuja kwa kuwaachia watu mikrofoni. Miaka ya 2000 redio za Kampala zilikuwa na ebimeeza, mijadala ya hadhara iliyorushwa moja kwa moja, ambamo fundi baiskeli alipewa dakika zake sawa na wakili. Mjadala wa CBS, redio ya ufalme wa Buganda, uliitwa Mambo Bado. Jina la Kiswahili, mazungumzo ya Kiganda, katika redio ya Kabaka! Nimewahi kulitumia jina hilo darasani kufundisha matumizi ya neno bado. Septemba 2009, baada ya machafuko yaliyotokana na kuzuiwa kwa ziara ya Kabaka huko Kayunga, CBS ilifungwa na mijadala hiyo ikapigwa marufuku. CBS ilirudi hewani Oktoba 2010. Mijadala ile ya hadhara haikurudi nayo. Kama kungekuwa na redio ya taifa iliyo ya umma kweli, hapo ndipo ingeichukua meza iliyoondolewa na kuiweka katikati ya studio yake.

Kuhusu fedha sitasema mengi, maana wahasibu wapo. Sheria ya 2005 ilikusudia wenye televisheni walipe ada. Watu wakalalamika, uchaguzi ukawa karibu, ada ikasimamishwa. Mwaka 2023 likatoka agizo la Rais kwamba matangazo ya serikali yaelekezwe UBC. Fedha za namna hiyo hulisha, lakini hulisha kwa mkono wa mtu mmoja, na anayelishwa hujifunza kuutazama mkono. Wala tusidhani ni ugonjwa wa Uganda peke yake. Machi 2025 Idhaa ya Kiswahili ya Sauti ya Amerika ilinyamaza baada ya amri iliyotoka Washington. Wasikilizaji wa Bujumbura, Goma na Mombasa waliamka wakakuta ukimya mahali palipokuwa na sauti wanazozijua kwa majina. Kilichojengwa kwa fedha za mbali huzimwa kutoka mbali.

Siwataki UBC washindane na Netflix. Watashindwa, na hata wakishinda hatutakuwa tumepata kitu. Waweke vipindi vyao kwenye intaneti, ndiyo, wavihifadhi hapo ili mwanafunzi wa kesho avisikie. Lakini mtu akiniuliza shilingi ya kwanza iende wapi, nitasema iende kwenye redio ya masafa ya kawaida inayosikika kwa kipokezi cha betri mbili: masomo ya shule yenye ratiba isiyobadilika, hali ya hewa na tahadhari ya mafuriko kwa lugha za watu, matangazo ya vifo, na saa moja kila juma ambayo mwananchi yeyote anaweza kumwuliza waziri swali bila kuandikiwa. Haya hayatamvutia mwenye mtiririko wa filamu elfu. Hayakukusudiwa kumvutia.

Shule zilifunguliwa tena kikamilifu tarehe 10 Januari 2022. Katika wanafunzi wangu 64 walirudi 41. Binti wa nyanya hakurudi. Alikuwa na mtoto mchanga na deni la sanduku tatu. Bado yuko sokoni, upande wa mfereji. Nikipita huniamkia "Shikamoo mwalimu", hunichagulia nyanya ngumu, na upatanisho wake wa ngeli ni bora kuliko wa baadhi ya wanafunzi wangu wa kidato cha nne. Mwezi uliopita aliniuliza, "Mwalimu, kile kipindi kitarudi lini?" Nilimwambia nina masomo mengi kwenye simu, nitamtumia. Akanionyesha simu yake, ya vitufe, iliyofungwa kwa mpira wa mkono. Nikaona haya, kwa mara ya pili katika jambo lile lile.

Kizindalo nacho hakina hakika ya kesho. Majirani wengine wanakilalamikia kelele, na wana haki. Kwa mwenye mgonjwa nyumbani, saa kumi na mbili alfajiri ni mapema. Wakuu wa jiji nao wamekuwa na mvutano wa muda mrefu na vyombo vya namna hii. Vijana wa biashara wanatangaza kwenye TikTok, na daftari la mzee lina kurasa nyeupe nyingi kuliko zamani. Ameniambia mwanawe hataki kazi hii.

Jumamosi nilimkuta juu ya ngazi, mjukuu ameishika chini. Mvua za masika zilikuwa zimekaribia, naye alikuwa akikigeuza kipaza sauti kimoja, kilichokuwa kikitazama barabara ya Gayaza, ili kitazame mfereji. Alikaza nati, akashuka polepole, akanipa mikrofoni.

"Sema neno, mwalimu, tuone kama linavuka."

Nikahesabu moja hadi kumi. Ng'ambo ya mfereji, katikati ya masanduku ya nyanya, mtu aliinua mkono.